Muulize Bi Mtafiti: Hoteli Gani Ina Jina la Baba?

Mwezi huu barua nyingi zimeangukia jambo moja: kazi za utafiti wa usawa, uwe wa rangi au wa kijamii, na makongamano yanayokwenda nazo. Nimechagua barua tatu na nusu. Hiyo nusu imenifikia jana usiku, nimeiweka mwisho. Kwa msomaji mgeni: nimetembea na hojaji pwani hii kuanzia Vanga mpaka Lamu kwa miaka ishirini na sita. Sasa nimestaafu, ingawa magoti yangu yalitangulia.

Nimechaguliwa kwenda New York na Dakar

*Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni kijana wa Msambweni, nina digrii ya sosholojia tangu 2023, na kazi niliyoipata ni kuendesha boda ya binamu yangu. Sisi ni Wamakonde. Babu alikuja Kwale kutoka Msumbiji kukata mkonge. Tasnifu yangu ya mwaka wa mwisho ilihusu jinsi baba alivyoishi bila kitambulisho mpaka serikali ilipotutambua. Wiki iliyopita nimepata baruapepe: nimechaguliwa kuhudhuria kongamano la kimataifa la ubaguzi wa rangi na usawa wa kijamii, siku nne New York, kisha siku tano Dakar, Senegal. Tiketi, viza na malazi ya New York ni juu yao. Mimi nilipe hoteli ya Dakar tu, dola 480, kabla ya tarehe 15. Mama anasema tuuze ng'ombe. Nimekuambatishia barua yao, pamoja na tasnifu yangu na ikisiri (muhtasari wa makala) niliyoandaa.*

Marahaba, mwanangu. Ng'ombe abaki zizini.

Barua hiyo naijua. Ilinifikia mimi mwaka 2009, nimekaa saiba moja hapa Mombasa, shilingi moja kwa dakika, jicho moja kwenye skrini na jingine kwenye saa. Mkutano ulikuwa huohuo wa miguu miwili, Marekani kwanza, Dakar baadaye. Mada zilikuwa ubaguzi wa rangi, UKIMWI, ajira ya watoto, umaskini na mtikisiko wa uchumi, zote zimalizwe kwa siku tisa. Hilo peke yake lingetosha kunizindua. Lakini mbele ya jina langu waliweka "Daktari". Sikuwa daktari wa kitu chochote, nilikuwa karani wa mradi wa visima. Nikaisoma hiyo "Daktari" mara tatu, na mara ya tatu nikaona kweli, inanipendeza.

Nililipa dola 290, wakati ule ni shilingi elfu ishirini na mbili na ushei, nusu yake zamu yangu ya chama. Msichana aliyekuwa nyuma ya kioo pale pa kutumia pesa alisoma fomu yangu, akaniuliza kwa upole, "Mama, hoteli yenyewe inaitwaje?" Nikamtajia. "Sasa mbona mpokeaji ni mtu?" Nikamjibu kwa ukali kwamba huyo ndiye meneja. Jamani, hoteli gani ina jina la kwanza, jina la kati na jina la baba? Nikatuma. Wiki iliyofuata wakaniandikia kwamba imebaki ada ndogo tu ya bima. Hapo ndipo nilipofahamu, na wanachama wenzangu sikuwaambia mpaka mwaka ulipopinduka.

Tazama walivyoisuka. New York ni kwa sababu kila mtu anajua Umoja wa Mataifa uko huko. Dakar ni kwa sababu ukiuliza-uliza utaambiwa ndiyo, Dakar kuna watafiti, na ni kweli: CODESRIA, baraza la watafiti wa sayansi ya jamii wa Afrika, lipo tangu 1973 na makao yake ni huko. Uongo mzuri hukodi chumba ndani ya nyumba ya ukweli. Halafu wamekutengea gharama ndogo kuliko zote, ili uone haya kukataa. Mtu anakulipia ndege ya kuvuka bahari, wewe ushindwe hoteli?

Sasa chukua hili la viza, kwa maana ndilo linalowavua nguo haraka. Hakuna mtu anayekuombea viza ya Marekani. Unajaza fomu mwenyewe, unalipa dola 185 ambazo hazirudi hata ukinyimwa, kisha unakwenda Gigiri, kwenye ubalozi wao Nairobi, kuhojiwa ana kwa ana. Anayekwambia "viza tutashughulikia sisi" hajawahi kupanga foleni pale. Na Umoja wa Mataifa haumtozi mtu ada ya kuhudhuria mikutano yake, wala ya kuomba kazi. Ukiona nembo yao na ada pamoja, funga.

Kongamano la kweli lina tabia moja mbaya: linakataa watu. Linatangaza mada miezi mingi kabla, linataka ikisiri yako, linaisoma, halafu linakujibu ndiyo au hapana. Mwaliko hautangulii ikisiri, kama vile posa haitanguliwi na mtoto. (Hutangulia, najua, lakini wazazi hawatangazi.) Usidhani pia kwamba cha kweli ni cha bure. Watafiti wa masuala ya Afrika walioko Marekani wana chama chao tangu 1957, hukutana kila mwaka, na hutoza ada. Tofauti ni kwamba ada yao inafuata kukubaliwa, inaingia kwenye akaunti ya chama, inakuja na risiti, na jina lako linaonekana kwenye ratiba, siku gani, chumba gani, na nani mwenyekiti wa kikao. Wengi wana mfuko mdogo wa nauli kwa watu wa huku kwetu. Omba siku ileile unayotuma ikisiri, maana mfuko huo huisha kabla ya kikao kupangwa.

Kuna aina ya tatu, nayo mjihadhari nayo: mkutano unaofanyika kweli, ukumbi upo, chai ipo, ila wanakubali chochote mradi ulipe. Unafika, mko kumi na wawili, mwenzako anasoma makala ya saruji, wewe ya uraia. Cheti utapewa. Wasomi wakiliona jina la mkutano huo kwenye wasifu wako watatazamana.

Sasa nije kwa kilichonikosesha usingizi, nacho si wale matapeli, ni ikisiri yako. Umeanza hivi: "Utafiti huu unalenga kuchunguza changamoto mbalimbali zinazoikabili jamii ya Wamakonde katika muktadha wa uraia." Nimepiga mwayo, mwanangu, na mimi mada hii naipenda. Kisha nikafungua tasnifu yenyewe. Ukurasa wa 31 umeandika kwamba baba yako, kwa kuwa hana kitambulisho, alisajili laini ya simu kwa jina la jirani. Jirani akafa. Wanawe wakaizima laini, na akiba ya baba yako iliyokuwamo, shilingi elfu tisa za samaki, ikazikwa pamoja na marehemu.

Anza hapo! Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza. Baada yake niambie kwamba watu hao walitoka Kwale Oktoba 2016 kwenda Nairobi kudai vitambulisho kwa Rais, kwamba mwaka uliofuata walitangazwa kabila la 43 la Kenya, kwamba Wapemba wa pwani walifuata mwaka 2023, na kwamba kabla ya hapo mvuvi asiye na kitambulisho hakuwa na leseni, akaunti ya benki wala pesa ya simu kwa jina lake. Halafu niambie wewe umegundua nini ambacho wengine hawakukiona. Nadhani umegundua kwamba kukosa uraia kuliwafanya watu waishi ndani ya majina ya majirani. Maneno mia mbili na hamsini yanatosha, na ukibakiwa na nafasi usiijaze.

Pa kupeleka: mijadala ya kukosa uraia imekuwa na wasikilizaji wengi, maana shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliendesha kampeni yake ya miaka kumi tangu 2014. Lakini mara ya kwanza ningekupeleka kwa Waswahili wenyewe. Kuna kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, linalofanyika tangu miaka ya 1980, na kuna mikutano ya CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani. Huko unasoma makala yako kwa Kiswahili na hakuna anayekuonea huruma kwa lafudhi. Bayreuth itakutaka viza ya Schengen, ada yake ni yuro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudi vilevile. Kama hali hairuhusu, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, nauli ya matatu. Ulizia semina zao, kaa nyuma, uliza swali moja zuri. Kazi yangu ya pili niliipata kwa swali.

Na uwatafute KHRC, ile tume ya haki za binadamu isiyo ya serikali. Walisimama na Wamakonde katika safari ile. Mtu anayejua Kimakonde, anajua Msambweni na ana digrii hawampati kila asubuhi.

Jina langu limo kwenye shukrani, tena limekosewa

*Habari za kazi, Bi Mtafiti. Naandika kutoka Dodoma. Mwaka 2022 niliajiriwa kama mdadisi kwenye mradi wa chuo kimoja cha Ulaya kuhusu familia za watoto wenye ualbino, Kanda ya Ziwa. Mahojiano 64 niliyafanya mimi, nikayanakili na kuyafasiri. Hojaji ilikuja imeshafasiriwa hukohuko kwao. Swali la pili lilisema: "Zeruzeru wako ana umri gani?" Mama wa kwanza, Sengerema, alinyanyuka akaingia ndani, akafunga mlango. Usiku ule nikakaa gesti nikabadilisha maswali kumi na moja. Mwaka huu makala imetoka, waandishi wanne, mimi nimeshukuriwa kwa "kusaidia ukusanyaji", na jina langu limekosewa herufi mbili. Naomba ufadhili wa uzamili na kote wananiuliza machapisho. Nilikuwa na haki, au najipendekeza?*

Pole, dada. Hujipendekezi. Na pole mara mbili kwa hizo herufi.

Nianze na sheria ilivyo. Majarida ya tiba yana kanuni inayofuatwa hata na majarida mengi yasiyo ya tiba. Inataka mambo manne kwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi au kukusanya, kuchanganua au kufasiri data, awe ameandika rasimu au ameihakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuiwajibikia kazi. Wakubwa wa miradi wanaipenda hiyo kanuni, kwa kuwa wanakwambia: wewe una la kwanza tu, hayo matatu huna. Wanachoruka ni mstari unaofuata. Kanuni hiyohiyo inasema vigezo hivyo visitumiwe kumfungia nje aliyestahili kwa kumnyima nafasi ya kushiriki kwenye rasimu na kuidhinisha. Kwa hiyo swali la kuwauliza ni hili: "Rasimu mlinionyesha lini?"

Tena wewe hukukusanya tu. Wewe uliokoa utafiti. Watu wa nje hudhani mdadisi ni mdomo wa kukodi, swali linaingia sikio hili linatokea huku. Nikupe langu. Mwaka 2011 tulikuwa upande wa Gazi, Kwale, tukiuliza: "Je, umewahi kubaguliwa kwa sababu ya asili yako?" Nyumba ya kwanza, hapana. Ya pili, hapana. Tukapita nyumba kumi na tisa, hapana, hapana, nami nawatazama watu wasio na kitambulisho kizazi cha tatu. Tukakaribia kuandika kwamba Kwale hakuna ubaguzi. Mzee wa nyumba ya kumi na tisa alitusindikiza hadi kwenye mnazi, akanishika mkono akasema, "Ubaguzi hapa hapana, mwanangu. Ila tunazungushwa tu."

Basi. Njoo kesho, lete cheti cha babu, karani hayupo, faili limeenda Mombasa, njoo Jumatatu. Kuzungushwa. Kwao neno "ubaguzi" lilikuwa la Afrika Kusini na kaburu mwenye mbwa. Jioni ile nikabadilisha swali: "Umewahi kuzungushwa ofisini?" Kesho yake hatukutoka nyumba ya kwanza mpaka adhuhuri. Je, ripoti ilisema nani alibadilisha swali? Ilisema "baada ya majaribio, zana iliboreshwa". Iliboreshwa na nani? Na upepo wa kaskazi, bila shaka.

Kwa hiyo andika barua kwa mwandishi mkuu. Fupi, bila machozi, bila vitisho. Mtajie maswali kumi na moja, moja kwa moja, lilivyokuja na ulivyoliandika wewe, na tarehe. Kama una daftari la gesti, lipige picha. Omba mambo matatu: jina lako lisahihishwe, maana jarida linaweza kuchapisha masahihisho na hilo hawana hoja ya kulikataa, ushiriki kama mwandishi mwenza kwenye makala zijazo za data hiyo, kwa kuwa mahojiano 64 hayaishii kwenye makala moja, na barua ya mapendekezo inayotaja wazi kwamba ulisanifu upya hojaji. Hilo la tatu ndilo litakalokufaa zaidi kwa uzamili. Makala iliyokwishatoka kubadilishwa waandishi ni mlima, sikudanganyi.

Kama hawajibu, mradi wa wageni Tanzania hupita COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na huwa na mshirika wa ndani. Mtafute huyo mshirika, mara nyingi ni mhadhiri ambaye jina lake limo na hajaonekana Sengerema hata siku moja. Atakusikiliza kuliko unavyodhani.

Na mara ijayo yaseme kabla ya kusaini, wakati bado wanakuhitaji. Wasani, jamii ya asili ya Afrika Kusini, walichoka kupimwa na kupigwa picha, wakatoa kanuni zao wenyewe mwaka 2017: heshima, uaminifu, haki, kujali na kufuata utaratibu, la sivyo msije. Mwaka 2022 mkutano wa dunia wa uadilifu wa utafiti, Cape Town, ukazaa tamko kuhusu hasa jambo hili, miradi ya wenye nacho kuwatumia wasio nacho. Litaje kwenye mazungumzo ya mkataba. Mimi nimeliona likimfanya profesa mmoja akohoe.

Kwenye wasifu wako usiandike "mdadisi" peke yake. Andika: nilisanifu upya hojaji ya Kiswahili, nilifanya mahojiano 64, nilinakili na kufasiri. Yote ni kweli, na hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Kila tangazo nililoweka alama limefutwa

*Jambo mama. Mimi ni mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa niko Louisville, Kentucky, mwaka wa saba. Mchana napanga masanduku kwenye ghala, usiku natafsiria hospitali kwa simu, Kiswahili na Kifuliiru. Nimemaliza chuo cha miaka miwili. Nilitaka kuingia kazi za utafiti wa usawa wa rangi, lakini matangazo niliyoweka alama mwaka 2024 karibu yote yamefutwa. Mlango umefungwa?*

Jambo, ndugu yangu. Umefungwa nusu, na kibao cha juu kimeng'olewa.

Unajua yaliyotokea. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kuzingatia rangi katika kudahili wanafunzi. Januari 2024 sheria ya Texas ya kufunga ofisi za usawa katika vyuo vya umma ikaanza kazi. Januari 2025 zikaja amri za Rais dhidi ya programu za aina hiyo katika serikali nzima, na fedha nyingi za utafiti zikakatwa. Kwa hiyo ukitafuta kwa neno "usawa" utakuta makaburi. Tafuta kwa maneno mengine: afya ya jamii, lugha na huduma, mratibu wa utafiti, mhudumu wa afya wa jamii. Kazi nyingine ni ileile, imebadilisha kanzu.

Lakini ngoja nikuulize. Unapotafsiri saa nane usiku ili mama wa Kifuliiru aelewe anachosaini kabla ya upasuaji, unadhani haki hiyo ilitoka wapi? Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza anayepokea fedha za serikali kuu kubagua kwa rangi au nchi ya asili, na mwaka 1974, katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, mahakama ikasema kumwacha mtoto bila kuelewa lugha ya darasani kunaangukia humo. Machi 2025 Rais alifuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka idara zipange huduma za lugha. Amri imefutwa, sheria ya 1964 ipo. Wewe umekaa juu ya mpaka wenyewe wa mabishano hayo, na vifaa vya sikioni. Andika unachokiona, bila jina la mgonjwa, bila tarehe, bila chochote cha kumtambulisha, maana siri ya mgonjwa si ya kuchezea. Andika tu mambo yanayojirudia: maneno yapi hayatafsiriki, simu inakatika wapi, nani anaambiwa atumie mtoto wake kutafsiri. Baada ya miezi sita mpelekee mtafiti wa afya ya jamii wa chuo cha hapo mjini, umwambie una swali. Usimwambie unatafuta kazi.

Swali jingine liko kwenye fomu za watoto wako. Kwa hesabu za Marekani wao ni "Weusi" tu, kapu moja na mtu ambaye mababu zake wako Kentucky tangu enzi za utumwa. Mwaka 2024 serikali kuu ilichapisha kiwango kipya cha kuuliza rangi na asili, na chini ya Weusi kuna visanduku: Mmarekani mweusi, Mjamaika, Mhaiti, Mnaijeria, Mhabeshi, Msomali. Mkongomani hayumo, ataandika mwenyewe kwenye mstari. Wangapi wataandika? Na wataandika nini: Kongo, Mfuliiru, Mnyamulenge, mkimbizi? Huo ni utafiti mzima, na mwenye kuufanya lazima ajue kumuuliza mtu wa Uvira asili yake bila kuwasha vita sebuleni.

Kuhusu mikutano: tangu 2011 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ina mafunzo Geneva kwa watu wenye asili ya Afrika wanaoishi nje ya bara. Sisi tuliobaki nyumbani hatuingii. Wewe unaweza kuomba, ila utahitaji barua ya shirika unalofanya nalo kazi, kwa hiyo hata chama cha Wakongomani cha hapo Louisville kina kazi ya kukufanyia. Tiketi wanalipa wao, kweli safari hii. Lipo pia Jukwaa la Kudumu la Watu wenye Asili ya Afrika, lililoundwa 2021 na kukaa mara ya kwanza Geneva Desemba 2022. Huhudhuria hata vyama vidogo. Kama bado hujapata uraia, usitoke Marekani kabla hujazungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Hilo si la kujaribu.

Nimalizie na mtu mmoja, na dada wa Dodoma naye asome. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa Marekani ambaye tayari alikuwa na udaktari wa Harvard, kwa mwaka mmoja, dola 900, cheo: msaidizi. Hakupewa ofisi, na jina lake likaachwa nje ya orodha ya chuo. Akahamia na mkewe katika Wadi ya Saba ya Philadelphia, walikoishi watu weusi 9,675, akabisha hodi mlango kwa mlango na karatasi zake. Kitabu kikatoka 1899, na mpaka leo anayesoma sosholojia ya mji hawezi kukiruka. Alikufa Accra mwaka 1963, raia wa Ghana. Waliokuwa wakubwa wake mwaka ule siwakumbuki hata mmoja, na nimefundishwa majina yao.

Ile nusu

*Bi Mkubwa, ni mimi tena wa Msambweni. Niliwaandikia wale watu kwamba sina pesa. Wamejibu baada ya dakika kumi na moja. Wameniombea punguzo, hoteli sasa ni dola 240, na meneja amebadilika, wamenipa jina jingine la kutumia. Mama anauliza, je, kwa mbuzi wawili?*

Msalimie sana mama. Mbuzi nao wabaki. Na ile ikisiri inayoanza na laini ya jirani, mbona haijanifikia? Tangu Jumatatu nangoja.